Wakili Aliyeyahoji Maharage

Jumanne, tarehe 14 Mei 2024. Tunduma iliamka na ukungu uliofunika foleni ya malori mpaka saa tatu kasoro robo, kisha likatoka jua la mwezi wa tano, lile linaloangaza bila kupasha. Upepo ulitoka Nakonde, upande wa Zambia. Nimeanza na hali ya hewa kwa sababu Wakili Ikupa Nzunda alikuja na koti jembamba la Dodoma, na asubuhi nzima alijifanya hasikii baridi.

Nimemfahamu Ikupa tangu kidato cha kwanza. Nilikaa dawati la nyuma yake miaka minne, nikamaliza pale, yeye akaendelea. Sasa mimi ni katibu wa chama cha wafanyabiashara wadogo hapa mpakani, na kazi yangu kubwa ni kuandika mihtasari ya vikao. Yeye ni wakili wa serikali katika mambo ya biashara baina ya nchi na nchi. Kwa hiyo sote wawili tunaishi kwa kuandika waliyosema wengine, ila yeye husafirishwa kwa ndege.

Ni mtoto wa Iyula, wa nyumba ya wakulima wa kahawa. Wakati wa shule alikaa kwa shangazi yake karibu na Mbozi Mission. Kidato cha pili mwalimu wa zamu alikuta wanafunzi saba wamechelewa, Ikupa akiwamo. Sita walipiga magoti. Ikupa akauliza kama kuchelewa kunahesabiwa langoni au darasani, maana langoni yeye alifika kabla ya kengele. Mwalimu akampa fyekeo akakate nyasi nyuma ya bwalo wakati swali lake likitafakariwa. Alifyeka siku mbili. Siku ya tatu ikabandikwa karatasi kwenye ubao wa matangazo: Kuchelewa ni kuchelewa darasani. Tulimpongeza kwa ushindi. Yeye aliisoma karatasi mara mbili, akasema haikueleza saa ya nani inafuatwa, na akarudi kwa mwalimu kuuliza. Alipewa fyekeo tena.

Kazi yake yote ya baadaye imekuwa ni hiyo, fyekeo tu ndilo limepungua. Alisoma sheria Dar es Salaam, akafanya miaka mitatu Mbeya kwenye kesi za wizi wa ng'ombe, kisha wizara ikamchukua. Ikampeleka Geneva miezi mitatu kujifunza mikataba ya biashara. Alirudi na koti zito ambalo kwa sasa mama yake hulifunikia magunia ya kahawa, na akarudi na ujuzi ambao nimejitahidi kuuelewa. Unahusu kanuni za kuamua kitu ni cha nchi gani. Shati likishonwa hapa kwa kitambaa cha kule na vifungo vya kwingine, ni shati la nani? Ikupa anaweza kukujibu kwa kurasa arobaini, na tanbihi zikiwa zake mwenyewe. Amekaa kwenye meza za majadiliano Gaborone, Lusaka, Arusha. Nimesikia kwamba wajumbe wa nchi nyingine wakiona ameshika kalamu na kuinamia chini ya ukurasa, huagiza chai, kwa kuwa wanajua hawatoki mapema.

Nyumbani kazi hiyo haikumpa heshima sana. Shangazi yake wa Mbozi Mission alimuuliza mbele yangu, "Mwanangu, tangu uanze uwakili umeshinda kesi ngapi?"

"Sisi hatushindi kesi, Shangazi. Tunakaa na wenzetu mpaka tunakubaliana."

"Mnakubaliana nini?"

"Nini kipite, kipiteje, na nani aseme kwanza."

Shangazi akafikiri. "Basi wewe si wakili," akasema. "Wewe ni mshenga."

Nilimwona Ikupa akiliandika neno hilo.

Sasa nieleze jambo moja ambalo bila hilo siku ile haieleweki. Ikupa ameolewa Isongole, Ileje, kwa Wandali, na mwalimu anayeitwa Ombeni Kibona. Katika ukoo ule mke wa mtoto hakutani uso kwa uso na baba mkwe wake. Akimwona njiani anaacha njia. Hawakai chumba kimoja, hawasemezani, na jina la mzee halitamki. Wapo vijana wengi walioachana na mila hiyo, na wachungaji wameisema mara kadhaa, lakini Ikupa aliikuta alipoolewa mwaka 2003 na akaishika kama anavyoshika mkataba uliokwisha kusainiwa. Mimi si mkwe wa nyumba ile, kwa hiyo naweza kumtaja mzee: ni Alinanuswe Kibona. Jina hilo ndilo la kusema Mungu yuko nasi, na kwa sababu hiyo kila Krismasi, wimbo ukifika hapo kwa Kindali, kanisa zima la Isongole linaimba na Ikupa anafunga mdomo.

Mzee naye ni muungwana. Akikaribia mahali penye wanawake hukohoa hatua ishirini kabla. Mwaka mmoja alikohoa wakati Ikupa yuko uani akizungumza kwa simu na ofisa fulani wa Geneva. Ikupa akaingia kwenye banda la kuku na simu yake na kumalizia mazungumzo humo, kwa Kiingereza safi. Ombeni anasema yule ofisa aliuliza kama kikao kinafanyikia shambani, na Ikupa akamjibu kuwa alikuwa kwa wadau.

Kikao cha tarehe 14 Mei kilikuwa cha pande mbili, Tanzania na Zambia, katika ukumbi wa kukodi kando ya barabara ya Sumbawanga. Hoja iliyotuhusu sisi wadogo ilikuwa moja: maharage ya njano. Ipo orodha ya bidhaa ambazo mfanyabiashara mdogo anaweza kuvuka nazo siku hiyo hiyo kwa fomu moja. Maharage hayakuwamo. Fausta, mwanamke wa Isongole anayeongoza kikundi cha akina mama thelathini na wawili, alikuwa akifika mpakani na magunia yake manne na kusubiri siku tatu, sawa na mwenye semitrela. Mwezi wa tatu magunia yake yalinyeshewa kwenye foleni na maharage yakaota humo humo. Alikuja ofisini kwangu na gunia moja, akalifungua mezani pangu nione vichipukizi.

"Katibu, andika," aliniambia. "Andika kwamba maharage yangu yameshachoka kusubiri, yameanza maisha."

Upande wa Zambia haukukataa maharage. Uliogopa jambo moja, kwamba yatavushwa maharage ya nchi nyingine kwa jina la Ileje, kwa kuwa Isongole inapakana na Malawi na mto Songwe si mpana. Walitaka mkulima aje na sampuli, ahojiwe, aseme mwenyewe mbele ya pande zote. Kanuni ilikuwa fupi na Ikupa ndiye aliyeiandika miaka sita nyuma: zao ni la nchi lilikopandwa na kuvunwa. Mkulima akithibitisha hayo mawili, maharage yanaingia kwenye orodha. Asipothibitisha, hoja inasubiri kikao kijacho, ambacho kiko baada ya miaka miwili.

Mkulima alichaguliwa na kikundi cha Fausta. Jina lake lilinifikia kwa simu saa mbili asubuhi siku ile ile, nikaliandika kwenye orodha ya mashahidi, namba nne, nikampelekea Ikupa ukumbini. Alisoma namba moja, mbili, tatu. Kwenye namba nne alitulia.

"Huyu amechaguliwa na nani?" akauliza.

Fausta alikuwa pembeni yetu. "Na sisi, Wakili. Ndiye mkulima mkubwa kwa umri, hasemi uongo, na mbegu ya njano ilianzia kwake."

"Fausta, wewe ni Mndali."

"Ndiyo."

"Unajua mimi ni nani kwake."

Fausta akaangalia viatu vyake. "Nilijua. Ila nilidhani ukishakuwa wa serikali mambo hayo yanaisha."

Ikupa alichukua kalamu yangu, akafuta jina kwa mstari mmoja ulionyooka, akaandika juu yake: Shahidi Na. 4. Kisha tukasikia kikohozi nje. Kilikuwa kikohozi cha hatua ishirini, cha mtu anayejua wajibu wake. Nilipogeuka kumwangalia Wakili, kiti chake kilikuwa kitupu na mlango wa jikoni ulikuwa ukicheza.

Nilimkuta jikoni kwa mama lishe, amesimama kati ya ndoo ya kabichi na jiko la mkaa, kwa mara ya kwanza siku ile hasikii baridi kweli.

"Mwambie wakili mwenzako amhoji," nikamshauri.

"Mwenzangu amelazwa Vwawa, malaria."

"Basi Fausta atoe ushahidi yeye."

"Fausta ananunua. Kanuni inataka aliyepanda."

"Kanuni ya nani hiyo?"

Akanitazama kama alivyomtazama yule mwalimu wa zamu. "Katibu," akasema, "usinichokoze, nina shida."

Na ilikuwa shida kweli. Akimhoji mzee uso kwa uso, ameivunja heshima ya miaka ishirini na moja mbele ya wageni, na habari ingefika Isongole kabla ya mzee mwenyewe. Asipomhoji, akina mama thelathini na wawili wangerudi kwenye foleni miaka miwili mingine. Alishika kiuno. Mama lishe, ambaye hakuelewa lolote, akamkabidhi kisu na vitunguu viwili, na Ikupa akavikata huku akifikiri.

Saa nne na dakika kumi (Seleman, mkalimani wetu siku ile, anasema kumi na tano) alirudi kwa mlango wa nyuma, macho mekundu ya vitunguu, mzee akiwa bado ameketishwa nje juani. Akaomba kikao kisimame kwa mashauriano ya kiufundi. Mwenyekiti wa upande wa Zambia, Bwana Watson Mulenga, ni Mbemba wa Kasama aliyefanya kazi Nakonde miaka minane, anakisema Kiswahili chetu na kukichanganya na chao. Aliuliza ufundi wenyewe ni upi, na kwa nini Shahidi Na. 4 hana jina.

Ikupa akamweleza. Alieleza kwa utulivu, kama anayesoma kifungu, lakini sauti ilikuwa ndogo. Wajumbe watatu wa Lusaka walisubiri tafsiri kutoka kwa Seleman. Huyu ni wakala wa forodha mwenye ofisi hapa Tunduma, mtu wa Kondoa. Seleman alitafsiri, kisha akaongeza lake kwa Kiswahili: "Mimi na mkwe wangu tunakula sahani moja."

"Nyamaza, mukwai," Watson akamwambia kwa upole. Mukwai ni neno lao la heshima, hata la kumnyamazishia mtu. Akamgeukia Ikupa. "Mama, mimi nilioa mwaka tisini na nane. Miaka mitatu sikumwona mama mkwe wangu, mpaka ukweni waliponipikia karamu na kunipokea rasmi. Siku moja aliingia kwenye basi nililopanda. Nilishukia dirishani."

"Basi lilikuwa limesimama?" Seleman akauliza.

"Lilikuwa linapunguza mwendo."

Baada ya hapo mambo ya ufundi yalikwenda haraka. Ukumbi ulikuwa na skrini nyeupe ya kuonyeshea picha, ile ya kuvuta na kusimamisha kwa miguu mitatu. Tuliisimamisha katikati. Mzee angeketi upande wa mlangoni, Ikupa upande wa dirishani, na wageni pembeni ambako wangewaona wote wawili. Maswali Ikupa angeyaandika kwenye karatasi, Seleman angeyasoma. Wote waliridhika, nami nikaandika: Ukumbi ulipangwa upya kwa sababu za kiufundi.

Mzee Alinanuswe aliingia na kofia mkononi na kifuko cha maharage kwapani. Aliitazama skrini, akaelewa mara moja, akaketi akiielekea kwa mgongo. Nadhani alifurahi. Alikuwa amekuja kwa gari la alfajiri kutoka Isongole, amevaa suti ya kwenda kanisani, na nina hakika njia nzima alijiuliza jinsi gani atamlinda mkwe wake.

Swali la kwanza lilikuwa la Watson, la kupashia moto tu. Alichukua maharage kiganjani, akayageuza. "Mzee, maharage mazuri. Haya ni yako?"

"Hapana," mzee akasema.

Seleman alisita kutafsiri.

"Ni ya nani basi?"

"Ni ya wakwe zangu, ng'ambo ya Songwe. Malawi."

Fausta alishika kichwa. Nilisikia kalamu ya Ikupa ikianguka nyuma ya skrini. Wajumbe wa Lusaka hawakuhitaji tafsiri ya neno la mwisho, na mmoja wao alikwisha kufunga faili.

Hapa lazima niseme nilichokuja kukijua baadaye, na ambacho mle ndani, mbali na mzee mwenyewe, Ikupa peke yake alikijua. Marehemu mke wa mzee alitoka ng'ambo, upande wa Chitipa, na alikuja kuolewa na kibuyu cha mbegu ya njano. Katika nyumba ile mbegu iliyoletwa na bibi harusi haisemwi kuwa ni yako mbele ya wageni, hata ukiipanda miaka hamsini. Ukisema ni yako umewadharau waliokupa binti na mbegu. Mzee alikuwa anawaheshimu wakwe zake. Aliwaheshimu mbele ya serikali mbili, kwa sauti ya kusikika, na kwa kufanya hivyo akawa ameyatoa maharage yote ya Ileje nje ya nchi.

Ikupa aliandika swali haraka. Lakini Seleman, kwa kutaka kuokoa jahazi, hakusubiri karatasi. "Kwa hiyo, mzee," akasema, "mnayavusha kutoka Malawi?"

Mzee alikunja midomo. Aliweka kofia kichwani, ndani ya ukumbi, jambo ambalo kwa mtu wa rika lake ni sawa na kufunga mlango. "Mimi si mtu wa kuvusha," akasema. "Ni mzee wa kanisa. Sina neno lingine."

Seleman akasoma karatasi iliyomfikia. Mzee kimya. Akaisoma tena kwa adabu zaidi, akaongeza shikamoo. Mzee aliitikia marahaba, kwa sababu salamu haiachwi, akarudi kwenye kimya chake. Watson akatazama saa, akasema kwa huzuni ya kweli kwamba ikiwa shahidi hana la kuongeza, basi hoja namba saba—

"Mwenyekiti, naomba nafasi," ikatoka sauti nyuma ya skrini. "Naomba kuihoji sampuli."

"Sampuli gani?"

"Maharage."

Watson akainuka mwenyewe, akamimina maharage kwenye sahani ya kikombe chake cha chai, akayapeleka upande wa dirishani na kuyaweka mbele yake. Ikupa aligeuza kiti, akampa mgongo yule aliyempa mgongo. Akawa anatazama dirisha na sahani tu. Wanawake wa kule Ileje wana njia hii tangu zamani: mkwe akitaka mzee ajue jambo, anamwambia mbuzi au mtoto wa mgongoni au chungu, na mzee akiwa karibu anasikia bila kusemeshwa. Lakini sidhani kama imewahi kutumika mbele ya wajumbe kutoka Lusaka.

"Nyie maharage," Ikupa akaanza. Akakohoa, akarekebisha sauti mpaka ikawa ile ya Geneva. "Nyie maharage, hatuwaulizi babu yenu ni nani. Ukoo wenu tunauheshimu, na waliowaleta tunawaheshimu. Tunauliza mwezi wa pili mwaka huu, mvua iliponyesha, nyie mlikuwa mmelala kwenye udongo wa shamba gani?"



Mzee alivua kofia. "Maharage hayana mdomo," akasema akiuelekea mlango. "Lakini yangekuwa nao, yangesema yalilala shamba la juu ya kijito, Isongole, chini kidogo ya kahawa."

"Na nyie maharage, nani aliwang'oa?"

"Yangesema yaling'olewa na mwenye shamba na wajukuu zake wawili, wiki iliyopita. Siku ya Alhamisi."

"Na kati ya kupandwa na kung'olewa, mlivuka mto siku yoyote?"

"Yangeshangaa. Yangesema yana mizizi, si miguu."

Watson alicheka kwanza, kisha akajikumbuka kuwa ni mwenyekiti. Seleman alitafsiri yote kwa wajumbe wa Lusaka, na kwa mara ya kwanza siku ile hakuongeza chake. Yule wa faili alilifungua tena. Akauliza, kupitia kwa Watson, kama shamba hilo lina alama yoyote ya kulitambua, ili ofisa akienda alione.

Ikupa akalipeleka swali kwenye sahani. "Nyie maharage, shamba lenu lina alama gani?"

Nilimwona mzee mdomo ukitaka kucheka na ukikatazwa. "Yangesema katikati ya shamba lipo jiwe jeusi," akasema. "Na kwenye jiwe hilo, mwaka 2003, bibi harusi mmoja msomi alivunja mpini wa jembe siku yake ya kwanza kulima. Akauficha kwenye migomba. Alidhani hakuonekana."

Ikupa aliinamia sahani. Shingo yake, sehemu pekee niliyoweza kuiona, ilibadilika rangi.

"Mpini huo upo?" Watson akauliza kwa umakini wa kiofisa.

"Upo. Sisi hatutupi vitu vya watu."

Saa sita na dakika tano maharage ya njano yaliingia kwenye orodha. Ikupa aliomba tanbihi moja chini ya ukurasa, na nikaona wajumbe wakitafuta chai kwa macho, lakini ilikuwa fupi: Asili ya mbegu haibadilishi nchi ya zao. Kisha akasita, akaongeza: na haipunguzi heshima ya aliyeitoa. Watson alisema sehemu ya pili si ya kisheria. Ikupa akajibu kuwa haina madhara ya kisheria pia. Wakaiacha.

Ikabaki shida yangu. Nilimuuliza mwenyekiti niandike vipi, maana muhtasari lazima useme nani aliulizwa na nani alijibu. Walijadiliana dakika kumi na moja. Ukitaka kuuona muhtasari, upo. Ukurasa wa tano unasema: Sampuli ilihojiwa moja kwa moja na Wakili wa Serikali. Majibu yalipokelewa. Shahidi Na. 4 alihudhuria.

Fausta alisubiri mlangoni kumshukuru. "Wakili, kumbe unaongea na maharage."

"Nimeongea na watu wagumu zaidi," Ikupa akasema, akaenda kumalizia vitunguu vya mama lishe, kwa sababu mzee alikuwa bado anakunywa chai ukumbini.

Mzee alilala mjini kwa mpwa wake, kwa kuwa magari ya Isongole yalikuwa yamejaa. Asubuhi iliyofuata, Jumatano, ukungu ukiwa mzito kuliko wa jana, Ikupa alikuwa safarini kwenda uwanja wa ndege wa Songwe kwa gari la wizara. Nilipanda naye mpaka stendi. Hapo tulimwona mzee amesimama peke yake kwenye baridi, kofia kichwani, kifuko kitupu kimekunjwa mfukoni, akisubiri gari lijae. Ikupa alimwambia dereva asimame mbali. Akashuka upande wa pili, akaniagiza nimwambie mzee kwamba gari hili lina nafasi na linaelekea Mpemba, na kutoka Mpemba dereva anajua njia ya Isongole.

"Na wewe?" nikamuuliza.

"Hatuwezi kukaa gari moja," akasema, kana kwamba nimemuuliza kama jua huchomoza.

Basi mzee alipanda gari la serikali, kiti cha nyuma, mikono juu ya magoti. Hakuuliza gari ni la nani. Alisema tu, akiukabili mlango wa gari, kwamba mlango huu una adabu sana na Mungu aubariki. Wakati wote huo wakili wetu alikuwa amejificha nyuma ya tairi la lori la shaba, faili kifuani, koti jembamba likipepea. Utingo wa lori alimchungulia.

"Mama, unamkimbia nani?"

"Simkimbii," Ikupa akasema. "Namheshimu."

Gari lilipopotea kwenye ukungu alitoka, akapangusa vumbi la tairi kwenye sketi, akavuka kwenda upande wa Kosta za Mbeya, zinazopita karibu na uwanja wa ndege. Alikata tiketi, akakaa dirishani, na kabla Kosta haijaondoka alikwisha kufungua faili kwenye ukurasa wa tano wa muhtasari wangu, akatoa kalamu na kuinamia chini ya ukurasa.